Shikamoo, Naomba Mkono Wangu

Mume wangu amelala upande wa pili wa shamba letu la alizeti, kwenye makaburi ya ukoo, mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu. Nilipotoka eda nilijiwekea desturi ya kwenda kila Ijumaa baada ya alasiri. Wapo wanaosema mwanamke haendi makaburini, na sibishani nao. Nilikuwa nang'oa majani, nakaa kwenye jiwe, namweleza habari za wiki: kuku gani ametotoa, nani anaoza binti yake, paa la jiko linavuja wapi. Alipokuwa hai alipenda habari ndogondogo kama hizo kuliko za redio. Sikuwa nalia. Kulia nilishalia ndani. Pale nilikuwa naongea tu, na mimi kwa kawaida si mtu wa kuongea.

Nusura niipoteze njia ile, na namna nilivyoirudisha inachekesha kidogo, ndiyo maana naandika. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio ninaoujua.

Siku hiyo alizeti ilikuwa imenipita kichwa. Kwenye kona nikakutana na mzee mmoja wa hapa hapa kijijini kwetu, nje kidogo ya Ilongero, rika moja na marehemu baba mkwe. Kwetu hukutani na mtu wa umri ule ukapita tu. Nikapiga goti kidogo, nikatoa mkono wa kulia huku wa kushoto nimeushikiza kwenye kiwiko, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, na mkono hakuuachia.

Nilisubiri. Wazee wengine hushika mkono muda mrefu, wanauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Huyu hakuuliza kitu. Alianza kunivuta kuelekea kwenye alizeti, polepole, huku anasema mjane hafai kukaa peke yake. Alinuka pombe ya mtama. Na mimi nilifanya nini? Nitasema ukweli: nilimwomba radhi. "Samahani, baba, nina haraka kidogo." Mkono wangu ulikuwa mzima, mkono wa kulima na kutwanga, na sikuuvuta, kwa sababu mkubwa hanyang'anywi mkono. Nilikuwa nimeshaingia hatua tatu ndani ya shamba ndipo zikasikika kengele za ng'ombe na mluzi wa mchungaji. Mzee akaniachia, akaendelea na njia yake kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Sikumwambia mtu kwa wiki tatu. Niliacha kwenda makaburini, basi. Wifi yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeona. Yeye anauza vitunguu, sauti yake inasikika kabla hajafika, na hakuna kitu anachoweza kukiacha bila kukiuliza.

"Wifi, kaka yangu umemnunia?"

Nikamweleza. Alisimama pale pale akatafuta kiatu, anataka kwenda kumpiga mzee wa watu. Nikamzuia. Alitaka twende kwa balozi wa nyumba kumi, nako nikakataa. Nilijua nitaulizwa alinifanya nini, na jibu lingekuwa: alinisalimia. Leo naona nilikosea, lakini ndivyo nilivyofanya.

Tukakubaliana awe ananisindikiza. Alinisindikiza Ijumaa nne. Masikini, alikuwa na nia njema, ila alikuwa anaongea tangu mlangoni hadi kaburini, na kaburini akawa anaongea na kaka yake kwa niaba yangu. "Kaka, mkeo huyu amekonda, hali." Mimi nakaa kwenye jiwe langu kama mgeni. Ijumaa ya nne nilimwambia nataka kuja peke yangu tena, kama zamani.

"Basi ujifunze kupigana," akasema. "Na mimi najifunza na wewe. Mjini kuna karate."

Nilidhani ni utani. Jumamosi yake tulikuwa tumepanda bodaboda moja kwenda Singida mjini, mimi katikati, upepo unataka kuninyang'anya mtandio.

Karate ilikuwa inafundishwa katika darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mwenye mkanda mweusi na adabu nyingi. Alituinamia, tukamwinamia, na hilo nililipenda. Tatizo ni kwamba wanafunzi wake wote walikuwa wadogo kwetu, na kila aliyepangwa kupambana nasi alisema kwanza, "Shikamoo, mama," kisha akagoma kupiga. Mwalimu akawa anawabembeleza, "Mpigeni mama, msiogope." Tulihesabu kwa Kijapani, tukasimama miguu imepanuka ndani ya madera yetu, tukarusha ngumi hewani. Ilipofika zamu ya mateke, ndala ya wifi ilimtoka mguuni, ikapiga ubao, ikaangukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

"Nimemuua?" akauliza.

Darasa zima lilikaa chini kwa kucheka, na mwalimu naye akageukia ukutani mabega yakimtetemeka.

Baada ya mazoezi nilimuuliza, "Mwanangu, na mtu akinishika mkono hivi?"

"Hilo lipo, mama. Tutalifikia baadaye. Kwanza msingi."

"Baadaye lini?"

"Mkija kila wiki, mwaka mmoja na nusu hivi."

Wifi alikuwa anaikung'uta ndala yake maji. "Mwaka na nusu! Huyo mzee atakuwa keshajifia kwa uzee wake, tutampiga nani?"

Sina neno baya juu ya karate. Kama ningekuwa na binti wa miaka kumi ningempeleka pale kesho asubuhi. Lakini mimi nilikuwa nataka njia ya dakika ishirini, na Ijumaa zilikuwa zinapita.

Tukajaribu ndondi. Nyuma ya gereji moja kulikuwa na gunia limening'inizwa, limejazwa matambara na unga wa mbao, na mtu wa makamo mwenye pua iliyolala upande, ambaye zamani alikuwa bondia. Alitufunga glovu zinazonuka jasho la vijana wote wa Singida. Wifi alilipiga gunia kama analidai. Mimi nililipiga mara mbili, kifundo cha mkono kikateguka, na kwa siku nne sikuweza kusonga ugali.

Yule bondia alikuwa mkweli, na nilimheshimu kwa hilo. Aliniketisha kwenye tairi akaniambia, "Mama, ndondi nitakufundisha. Lakini mtu wa ndondi anajifunza kwanza kupigwa. Umewahi kupigwa usoni?"

"Sijawahi."

"Hata na mzee wako?"

"Marehemu hakuwahi kuniinulia mkono."

Alianza kunifungua glovu, kamba moja moja. "Basi usianze leo," akasema. Kisha akatufundisha namna ya kusimama, mguu mmoja mbele, usikae mbele ya mtu kama mlango. Akasema silaha ya kwanza ni miguu ya kukimbilia, na kwamba bondia anayekwambia vinginevyo anakudanganya. Hayo ninayatumia mpaka leo. Alikataa hata soda tuliyotaka kumnunulia.

Njiani kurudi nilimwambia wifi tuache. Nilikuwa nimechoka kuchekwa na mwili wangu mwenyewe. Akasema kuna mmoja bado, amemsikia Ikungi, mnadani, ambako huenda kuuza vitunguu. Ni mwanamke, askari magereza mstaafu, anafundisha judo wanawake wenzake uani kwake. "Tukishindwa kwa huyo, tunanunua mbwa," akasema.

Siku ya mnada tukabadilisha gari mjini tukaenda Ikungi. Wifi aliacha vitunguu vyake kwa jirani wa meza, akaniongoza. Ua ulikuwa mpana, majogoo wamefungwa miguu pembeni wakisubiri wateja, na katikati magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, yameshonwa pamoja kama godoro kubwa. Akatoka mama mnene, mrefu, mwenye miwani, na ungo mkononi. Nilimwona kanizidi umri kwa miaka kama kumi. Nikapiga goti, nikatoa mkono, nikashika kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, na hakuniachia.

Nikasubiri. Naye akasubiri. Akanitazama juu ya miwani. Mkono wake ulikuwa mkubwa na mkavu, haukuniumiza. Nikatabasamu. Akanivuta hatua moja, nikaifuata. Akanivuta ya pili, nikaifuata, bado natabasamu kama mjinga, mpaka tumefika kwenye majogoo.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Mbona huchukui mkono wako?"

"Wewe ni mkubwa kwangu."

Nyuma yangu wifi alikuwa amenyamaza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue. Yule mama akaniachia, akaweka ungo chini. "Kila anayekuja hapa namsalimia hivyo," akasema. "Wengi wananifuata mpaka kwenye majogoo. Mwingine nilimzungusha nyumba nzima. Mimi sijakufunga, mwanangu. Umejifunga na shikamoo."

Nilihisi uso unapata moto, kisha nikaanza kucheka, na kucheka kule kuliniletea machozi ambayo sikuyatarajia. Alinipa kigoda, akaniletea maji. Hakuuliza kilichonipata. Nadhani alishasikia vingi vya namna hiyo.

Akatueleza kwamba judo yenyewe ni kumwangusha mtu na kumkandamiza, kwamba aliipenda ujana wake wote, na kwamba hatatufundisha yote. "Wewe mgongo wako umelima miaka thelathini, sitakurusha huku na huku. Nitakufundisha vitu vitatu. Kutoa mkono, kuanguka bila kuvunjika, na kupiga kelele." Akasema tusiache salamu, maana hata yeye hapendi mtu asiyesalimu wakubwa. "Lakini salamu ina mwisho wake. Ukishasikia marahaba, imekwisha. Akiendelea kukushika, hiyo si salamu tena, umekamatwa."

Kutoa mkono kulinishinda. Nilikuwa navuta kurudi nyuma, na jinsi nilivyovuta ndivyo alivyozidi kubana. Akaniuliza, "Ugali wa mtama unasonga?"

"Nasonga kila siku."

"Mwiko ukinasa, unauvuta juu?"

"Ukiuvuta unainua sufuria. Unauzungusha, unautoa kwa ubavu."

"Haya."

Nikauzungusha mkono, upande mwembamba wa kifundo ukaelekea pale kidole chake gumba kinapokutana na vidole vingine, nikasogea karibu badala ya kurudi nyuma, kiwiko nikakikunja. Mkono ukatoka kana kwamba haujashikwa. Nilisimama nautazama. Tulirudia mpaka adhuhuri, naye kila mara alibana zaidi, na kila mara nilianza na shikamoo na kusubiri marahaba yangu.

Kuanguka kwenye yale magunia nilikuweza; kelele ndiyo iliyokuwa ngumu. Tangu utotoni niliambiwa sauti yangu ni nzuri kwa kuwa haisikiki, na msiba ulizidi kuishusha. Mara ya kwanza nilitoa kitu chembamba.

"Wifi, unafukuza vifaranga?" wifi akasema.

"Fukuza ng'ombe," mwalimu akasema. "Ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mtama wako."

Hilo nililijua. Nilifukuza ng'ombe. Majogoo wote waliruka kwa pamoja, mmoja akakata kamba akapanda juu ya choo, na mteja aliyekuwa anaingia getini akageuza. Mwalimu alipiga makofi. "Mteja nitampata mwingine," akasema.

Tulikwenda Ikungi kila mnada mpaka alizeti ikavunwa. Nyumbani wifi alikuwa ananivizia: nikimpa kikombe cha chai ananikamata, nikianika nguo ananikamata. Mkono ukazoea mpaka ukawa unajitoa wenyewe, na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilikwenda kumjulia hali mama mkwe. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kunishika mkono kama kawaida yake, anauliza habari. Kabla sijafikiri, nikauzungusha nikautoa.

Mama mkwe akatazama kiganja chake kitupu. "Nina moto?"

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, halafu nikaona siwezi kumdanganya mama huyu ambaye tulimzika mwanawe pamoja. Nikamweleza yote, pamoja na jina la mzee. Alichezea ncha ya kanga yake. Nilidhani atasema nimeleta aibu.

"Na mimi alinishika," akasema. "Kisimani. Nilikuwa nimeolewa mwaka huo huo. Niliacha ndoo nikakimbia, nikapigwa kwa sababu ya ndoo." Kisha akanyoosha mkono wake mwembamba. "Nionyeshe tena. Polepole, nina mifupa ya zamani."

Nilimfundisha. Alipofanikiwa mara ya kwanza alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote ya ndoa yangu, akaita watu waje kumwona.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda peke yangu. Wifi alitaka kunifuata kwa mbali, nikamkatalia, akaniapia kwamba atakaa jikoni. Shambani yalikuwa yamebaki mabua tu, unaona mbali. Nilimwona yule mzee kabla hajaniona. Ningeweza kurudi. Bondia angeniambia nirudi, na angekuwa sahihi. Lakini miguu ilikuwa imeshazoea upande ule, na nilikuwa na habari nyingi za kumweleza mume wangu.

Nilipiga goti. Nikatoa mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, akatabasamu, akabana.

Nitasema ukweli na hapa. Mara ya kwanza nilivuta. Miezi yote ile ya mafunzo, na nilivuta kurudi nyuma kama siku ya kwanza, naye akanisogeza hatua moja. Ndipo nikakumbuka mwiko. Nikasogea karibu yake, nikauzungusha, mkono ukatoka. Kanga yangu ilianguka, ndala ikakatika kamba, na halikuwa jambo la kupendeza kulitazama. Kisha nikafukuza ng'ombe.

Mzee akarudi nyuma, mikono juu. "Mwanangu! Si nakusalimia tu?"

"Salamu imekwisha, baba," nikasema. "Umeshaitikia."

Upande wa pili wa shamba kulikuwa na wanawake watatu wanapepeta alizeti kwa upepo. Wote waliacha ungo wakaja. Na kutoka nyumbani akatokea wifi, ambaye alikuwa ameapa kukaa jikoni, anakimbia na mwiko wenye ugali, na nyuma yake, mbali kabisa, mama mkwe na fimbo yake. Mzee hakusubiri kikao. Mbele ya wote nilisema, kwa ile sauti ya Ikungi, alichonifanya leo na alichonifanya siku ile. Mmoja wa wale wanawake akainamisha macho, nikajua. Jioni hiyo tulikwenda kwa balozi sote sita, na mama mkwe ndiye aliyezungumza kwanza. Mzee aliitwa mbele ya wanawe, na tangu hapo akiniona kwa mbali hupitia njia ya kisimani, ila siku hizi hata kisimani wanawake wanamjua.

Lakini hayo yalikuwa jioni. Kabla ya hapo niliokota kanga, nikawaambia wote warudi. Nikakaa kidogo chini. Wifi alinitazama, akatazama mwiko wake, akafungua mdomo.

"Wifi," nikamwambia, "ugali unaungua."

Akaondoka. Hakusema neno, na najua lilimgharimu.

Nilimalizia njia nikiwa na ndala moja. Majani yalikuwa yameota sana kwa muda ambao sikuwa naongea pale. Niling'oa mpaka nikaridhika, nikakaa kwenye jiwe langu. Palikuwa kimya, upepo tu. Nilianza na yule kuku mweusi aliyetotoa tisa, kwa sababu habari ile nyingine ilikuwa ndefu, nami nilitaka kuisimulia taratibu.